Matanga ya Kisima

Hapo zamani za kale, zamani ambayo hata babu zenu wakiibishia waambieni waje kwangu, wanyama walikuwa na nyumba, meko na majirani. Kisima kilikuwa kimoja tu, cha wote.

Basi Tembo, mkubwa wa bonde, akakizungushia uzio wa miiba. "Nataka kuoga kwa utulivu," alisema.

Wengine wakawa wanakunywa matope huko mbali. Pimbi, mama mmoja mdogo kuliko kiatu changu, alikuwa na kitoto kichanga, Tunu. Maziwa yalikuwa yamemkauka kwa kiu. Tunu alinyonya hewa, akalia nyii, nyii, kila siku kwa sauti nyembamba zaidi.

Nyani waliandamana wakipiga madebe, pa pa pa. Tembo akawapulizia vumbi, wakarudi wakikohoa. Swala wakatuma wajumbe wenye adabu. Wakaambiwa wasubiri kivulini. Kivuli kikahama, wao wakabaki juani. Kisha Tembo akapiga marufuku: "Atakayekusanya watu pasipo msiba atanitambua."

"Pasipo msiba," Pimbi akarudia polepole, akimpapasa Tunu mgongoni.

Asubuhi alifunga kanga kiunoni, akatandika mkeka mbele ya uzio, akaanza kulia. Twiga akapita.

"Shoga, kuna nini?"

"Kaa kwanza."

Twiga akakaa. Nanyi mnajua, msibani hufiki ukahoji. Unakaa, unatoa pole, habari utazipata hapo hapo. Punda akaja, akakaa. Nyani wakaja na masufuria. Adhuhuri bonde zima lilikuwa pale, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na masufuria matupu, maana chai haipikwi kwa vumbi.

Tembo akatoka, puu, puu, puu. Wenye roho nyepesi wakajikunyata. Lakini tembo ni mnyama wa msiba. Hata mfupa mkavu akiukuta njiani husimama. Alipouona mkeka, masikio yakamlegea. Akajishusha chini kwa shida.

"Poleni, wanangu."

"Tumeshapoa, baba."

Akalia nao. Chozi moja la Tembo ni ndoo nzima, mimi nawaambia.

"Msiba huu ni wangu," akasema mbele ya wote. "Mfiwa aseme anachohitaji, nitakitoa. Tumempoteza nani?"

Pimbi akaonyesha nyuma ya miiba. "Kisima, baba. Kwetu kilikufa siku ile ulipokizungushia uzio. Na huyu," akamlaza Tunu juu ya mkonga wa Tembo, "yuko njiani kukifuata."

Nyani mmoja akaanza kutafuta pa kukimbilia.

"Umenidanganya, mama Tunu."

"Nimekudanganya, baba. Ila machozi ni yako mwenyewe."

Tembo akakitazama kile kitoto. Kilikuwa kimeacha kulia, kinapumua tu, chepesi kama unyoya. Akamrudishia mama yake taratibu, akainuka, akaushika uzio. Kra, kra, kraaa. Miiba ikaruka huko. Akavuta maji kwa mkonga, akayadondosha kinywani mwa Pimbi, tone kwa tone.

"Kunywa, mwanangu. Kunywa, mtoto apate kunyonya."

Jioni Tunu alinyonya mpaka akasinzia na ziwa mdomoni, na bonde zima likanong'ona lisimwamshe.

Basi wanangu, mkubwa asiyesikia kelele zenu, mketisheni kwenye mkeka wenu.