Shamba Chafu la Semeni

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo ni pakawa ya watu wasiokula. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, enzi mchanga ulipokuwa na miguu, kulikuwa na kijiji kiitwacho Mavumbini. Mababu walikuwa wamekata miti yote, wakamaliza na vichaka. Hata mbwa wa huko walikuwa wakiinua mguu, wakatazama huku na huku, wakaushusha.

Alikuwako mwanamke mmoja, Semeni, mdomo mwepesi na jembe jepesi zaidi. Mavumbini mwanamke alipimwa kwa usafi wa shamba. Likionekana jani moja lisilopandwa, basi umekwisha, watakuimba kisimani mpaka upungue mwili. Shamba la Semeni, kule njia ya kisimani, lilikuwa jeupe kama sahani. Kila chipukizi lililochungulia, yeye na jembe: kata! kata! kata!

Na mchanga nao ulikuwa unakuja. Jumbe Mlekwa akaamuru watu wapande miti. Wakaleta miche kutoka mbali, mbuzi wakaila. Wakaleta tena, jua likaikausha. Wakaleta tena, upepo ukaifukia pamoja na vijiti vya alama.

Jumbe akasema, "Nawapa mvua mbili. Mchanga ukifika kisimani, tunahama."

Watu wakaanza kusuka makapu. Lakini Semeni alikuwa na mama yake, Bi Kidawa, ambaye miguu ilikuwa imemkataa zamani. Na kuhama ni safari ya siku tisa. Nani angembeba?

Asubuhi moja yuko shambani, kata! kata! Mara udongo ukainuka, akatokea Fuko.

"We mama wee! Utanikata pua!"

"Nani kakwambia ulete pua shambani kwangu?"

"Sikuleta pua, nimeleta umbea."

Semeni akaweka jembe chini. Kazi inangoja, wajukuu zangu, umbea hauna subira.

"Umbea wa wapi?"

"Wa chini. Miti waliyokata babu zenu haijafa. Visiki viko hai, mizizi inakunywa maji huko kwangu. Kila mvua wanatoa vichwa, nawe unakata. Wanatoa tena, unakata. Wanatoa tena, unakata! Huko chini wanakuita Mama Shoka."

"Mimi?"

"Wewe hasa. Halafu mnabeba miche ya ugenini mnaipanda juu ya vichwa vyao! Wamenuna."

"Sasa nifanyeje, ndugu yangu?"

"Kila kisiki, mwachie machipukizi mawili yaliyonyooka, mengine pogoa. Uliyoyaacha yafunge kitambaa, mkono wako usije ukasahau."

Semeni akachana kanga yake kuukuu. Akafunga hapa, akafunga pale, akafunga kule. Mvua ya kwanza ikapita, shamba likaota vijiti kila mahali.

Jirani yake Kashinde, ambaye akinyamaza huumwa tumbo, akamvizia kisimani.

"Shoga, ni kweli siku hizi unalima magugu na kuyavisha nguo?"

"Unayaonea wivu? Yamekuzidi kupendeza."

Wanawake wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Semeni alijibu vile, lakini alirudi nyumbani analia. Akachukua jembe, akasema leo nalisafisha, naliosha hili shamba! Akaliinua begani.

Ndani, Bi Kidawa akakohoa. "Semeni, mwanangu, hao wasusi wamepata kapu la kunitosha mimi?"

Semeni akalishusha jembe taratibu.

Kesho yake akaja Beberu, ndevu zikitikisika. "Naona chakula kimefungwa utepe. Ni zawadi yangu?"

"Sikia, mwenye ndevu. Haya niliyoyafunga usiyaguse. Ninayopogoa nitakuletea zizini, wewe umekaa tu."

"Nimekaa tu?"

"Umekaa tu."

Beberu hajawahi kupenda kutembea. Akawapita wenzake akijidai, "Mimi siku hizi naletewa."

Mvua ya pili ikapita. Vijiti vikawa fito, fito zikampita Semeni kimo. Ndipo upepo ukaja. Ukavuma siku moja, ukavuma siku mbili, ukavuma siku tatu. Siku ya nne mtu hatambui kwake wala kwa jirani, mashamba yote yanayozunguka nyumba yamefukiwa. Jumbe akapiga ngoma.

"Kisima sijakiona, lakini najua hakipo. Tunahama!"

Semeni akamfunga mama yake mgongoni kama mtoto. "Ulinibeba miaka miwili," akamwambia, "siku tisa zitanishinda?"

Wakaondoka, Jumbe mbele na kitanda chake kichwani. Njia ilipita kisimani, na shamba la Semeni lilikuwa katikati, baina ya mchanga na kisima. Walipofika, Jumbe akasimama ghafla, wa nyuma wakagongana.

Mchanga ulikuwa umelundikana kwenye ukingo wa shamba lile, juu kama kifua cha ng'ombe. Ulikuta fito zile na majani yake, ukakaa chini. Nyuma yake mtama umesimama. Nyuma ya mtama, kisima kinameta.

Jumbe akashusha kitanda. "Semeni, ulipanda lini miti hii?"

"Sikupanda, baba. Niliacha kukata."

Kashinde akaenda akakishika kitambaa kimoja cha kanga.

Jua likapanda. Semeni akamshusha mama yake kwenye kivuli, kivuli chenyewe kimoja, kama mkeka wa mtu mmoja. Wakaja wote kukigombea: Jumbe kaingiza kichwa, Kashinde kaingiza bega, Beberu kaingiza ndevu.

Bi Kidawa akawasukuma kwa fimbo. "Tokeni! Nyinyi wenye miguu, si mlikuwa mnaondoka? Basi ondokeni, kila mtu aende kwake, aache kukata, akaoteshe kivuli chake!"

Wakaenda wakikimbia, mizigo wameiacha njiani. Nami hadithi yangu nimeiachia hapo hapo, imeishia kivulini kwa Bi Kidawa. Anayeitaka akamwombe nafasi.