Nguchiro Aonja Meli Mbili

Haya, sogeeni huku, na anayetaka kusinzia akasinzie kwao. Hapo kale, kale ile ambayo hata bibi yangu aliisikia tu kwa bibi yake, wanyama walikuwa na nyumba, na harusi, na majungu, na walikuwa wakisafiri kwa meli. Msiniulize tembo aliingiaje melini. Aliingia. Hadithi ni yangu.

Katika ziwa moja kubwa palikuwa na meli mbili zilizovusha abiria kwenda Ng'ambo. Moja iliitwa Heshima, mali ya Tembo. Ya pili iliitwa Raha, mali ya Kiboko. Wenyewe walikuwa hawapikiki chungu kimoja, ila kwa jambo moja walifanana: wote wawili walipanga abiria kwa uzito. Mzito alikaa juu kwenye sitaha, penye viti na upepo. Mwepesi alishushwa ngamani, chini kabisa ya meli, pamoja na magunia na injini. Walisema mwepesi akikaa juu atapeperushwa. Basi meli zikawa zinakwenda zinayumba, huku ling'i, huku ling'i, kwa uzito wote ule kuwa juu, na wakubwa wakitapika walilaumu ziwa.

Sasa, palikuwa na Nguchiro. Mnamjua nguchiro? Mwembamba, mkia mrefu, macho hayatulii. Aliishi na bibi yake aliyemlea tangu akiwa mchanga. Bibi huyo alikuwa na kifua kibovu, na kifua hicho alikipata ngamani, safari moja aliyokwenda Ng'ambo kumtazama dada yake. Joto na vumbi la magunia vilimwingia, akarudi anakohoa, kho, kho, kho, na kikohozi hakikumwacha tena.

Siku moja ikaja habari kwamba dada amepofuka na anamwita. "Njoo nikupapase uso," alisema, "nisije nikausahau ulivyo."

Bibi akaanza kukunja kanga zake. "Mume wangu," akamwambia mjukuu wake, maana bibi huwatania wajukuu zao hivyo, "nipeleke."

"Bibi, ukishuka ngamani tena hutafika mzima."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia wewe, siuambii ukuta."

Nguchiro aliacha kula. Chakula chake kilipoa mbele yake. Alimpenda bibi yake kupita kiasi, na siku ile aliogopa.

Wiki hiyohiyo Twiga wa Ng'ambo alikuwa akimwoza binti yake, na wanyama wakubwa wote walialikwa. Wakajaa gatini wakibishana wapande meli ipi.

"Heshima ina mashuka meupe," Kifaru alisema.

"Raha ina ngoma," Nyati akamjibu. "Huko kwenye Heshima hata kupiga chafya unaomba ruhusa."

Nguchiro akajipenyeza katikati ya miguu yao. "Wakubwa zangu, shikamooni. Mbona mnajichosha? Nitumeni mimi nizionje zote mbili, nije niwaambie. Sina undugu na Tembo wala na Kiboko."

Walimcheka, lakini walikubali, kwa sababu kila mmoja alitaka jibu na hakuna aliyetaka kutapika mara mbili. Wenye meli waliposikia, walimpandisha juu haraka sana. Hakuna mwepesi aliyewahi kukaa pale kabla yake.

Alianza na Heshima. Viatu unavua mlangoni. Kengele ikilia, unakula. Ikilia tena, unaacha, hata kama tonge liko njiani. Aliletewa wali wa nazi na samaki wa kupaka, akalazwa kwenye godoro nene. Kila kitu kilikuwa safi. Alikaa meza peke yake, kila abiria meza yake, na tangu alipopanda mpaka aliposhuka hakuna aliyemuuliza jina.

Halafu akapanda Raha. Huko jina lake aliulizwa na kila mtu, likasahauliwa na kila mtu. Chakula kilikuwa uji wenye madonge na mihogo. Lakini ngoma ilipigwa tangu asubuhi, bao lilichezwa, vicheko kila kona, na Kiboko mwenyewe alisimulia kisa kilekile kwa kila meza. Akiona joto, Kiboko alijirusha ziwani, pwaa, na maji yakawaosha wote pamoja na uji wao.

Nguchiro alipima moyoni, na hakika alipata taabu. Kwenye Heshima alishiba akawa mpweke. Kwenye Raha alichangamka akalala njaa. Kila moja ingemfaa mtu fulani. Ila yeye hakuja kutafuta meli ya mtu fulani, alikuja kutafuta meli ya bibi yake. Kwa hiyo, wakubwa walipokuwa wakicheza bao, aliteremka ngazi mpaka ngamani.

Giza. Joto. Injini inagonga, duk, duk, duk. Kwenye gunia alimkuta Digidigi, mama mmoja, amempakata mwanawe na kumpepea kwa upande wa kanga.

"Hujambo, dada?"

"Sijambo, kaka. Kanyaga polepole, kuna watu hapo."

"Nina swali. Ulishapanda Heshima?"

"Mara nyingi."

"Na Raha?"

"Nayo pia."

"Ipi bora?"

Digidigi akamtazama kama vile ameulizwa juu ya nchi za mbali. "Kaka yangu, mimi nikishashuka ile ngazi, sijui hata leo nimepanda ipi."

Na nyie hapo mnaocheka, ngojeni kidogo. Jibu lile lilimchoma Nguchiro. Lakini alipopanda ngazi kurudi juu, hila ilikuwa imeshaiva.

Alikwenda kwanza kwa Tembo. "Mzee, meli yako nzuri. Godoro lile, nilidhani nimekufa nikaenda peponi. Ila Kiboko kasema jambo."

"Kasema nini?"

"Ah, mzee, mimi sipendi umbeya."

"Sema, kijana."

"Kasema siku ya harusi yeye mwenyewe atasafiri ngamani, mwanzo mpaka mwisho. Anataka abiria waone kwamba Raha ni raha hata chini. Kasema Tembo hawezi kuthubutu."

Masikio ya Tembo yakapepea, fwap, fwap. "Mimi siwezi? Waambie nami nitasafiri ngamani, tuone nani atatoka akilalamika."

"Na chumba chako cha juu kikae kitupu? Watasema umekifunga kwa sababu ya kunguni."

"Basi weka mtu humo. Mwepesi, asiniharibie kitanda."

"Nitatafuta," Nguchiro akasema, kwa sauti ya mtu aliyepewa kazi ngumu.

Kisha akaenda kwa Kiboko, akamweleza yaleyale, ila safari hii mwenye majigambo alikuwa Tembo. Kiboko akabubujika kwa hasira, akaapa mbele ya mabaharia wake. Chumba chake akapewa Digidigi na mwanawe.

Asubuhi ya safari ikafika. Wakubwa wakagawana, hawa Heshima, hawa Raha, maana Nguchiro aliwaambia meli bora ni ile ambayo mwenyewe atatoka ngamani bila kulalamika. Tembo alikwama kwenye mlango wa ngama, mabaharia wakamsukuma kwa mabega, puu, akaangukia magunia. Mlango ukafungwa. Juu, Bibi Nguchiro akaingizwa kwenye chumba chenye madirisha mawili, akalala katikati ya kitanda cha Tembo, akawa haonekani vizuri kwenye shuka.

Honi ikalia, meli zikaondoka. Na ajabu, hazikuyumba. "Leo ziwa limetulia," Kifaru alisema, akala mpaka akajilamba. Uzito wa mwenye meli ulikuwa umekaa chini, ndiyo sababu, lakini nani angewaambia?

Kule ngamani Tembo alianza kutoweza kupumua. Akagonga mlango, gong, gong, gong. Baharia wa zamu, aliyekuwa usingizini Tembo aliposukumwa ndani, asijue lolote, alikuwa amekaa juu ya ngazi, anamenya chungwa. Alikwisha kuzoea kusikia kugongwa kutoka chini, wala hajawahi kwenda kutazama.

"Fungua, ni mimi," Tembo akaita.

"Wewe nani?"

"Mwenye meli."

"Na mimi mke wa Simba. Tulia huko, tutafika."

Tembo akarudi nyuma gizani. Panya mmoja mzee akamsogelea, akampa kitambaa chake chenye maji. "Weka puani, bwana. Husaidia kidogo." Hakujua anamsaidia nani. Tembo akakiweka puani, na kilikuwa kidogo mno, na alishukuru. Ila alipomsikia mtoto wa mtu akilia kwamba hapati hewa, hakungoja tena. Akajikusanya, akalipiga ubavu wa meli kwa kichwa, juu ya usawa wa maji. Krash. Upepo ukaingia, na wote mle ndani wakausogelea wakiuvuta.

Kwenye Raha, Kiboko hakuwa na nguvu ya kuvunja kitu. Ngozi yake ilikauka kwa joto la injini ikapasuka, akalia waziwazi. Wadogo wakammwagia maji yao ya kunywa, kata kwa kata, wakabaki na kiu mpaka Ng'ambo.

Walipofika, wenye meli walikutana gatini, mmoja kajaa masizi, mwingine anatembea kwa maumivu.

"Majigambo yako yatatuua," Tembo akasema.

"Yangu? Si wewe uliyeanza?"

Wakatazamana. Kisha wote wawili wakageuka wakamtazama Nguchiro. Akatamani kukimbia. Angeweza, lakini bibi yake alikuwa bado anateremka ngazi ya meli, na asingemwacha. Akasimama palepale, mkia umemwingia miguuni, Tembo akainua mkonga juu ya kichwa chake.

"Mwanangu," sauti ikasema nyuma ya Tembo. Bibi alikuwa amefika chini, na hakukohoa hata mara moja. "Wewe ndiye mwenye kile kitanda? Nakushukuru. Nimelala kama sina umri."

Tembo angefanya nini? Alikuwa mkubwa kwa mwili, si kwa miaka. Akashusha mkonga, akainamisha kichwa mbele ya wale wakubwa wote wa harusi. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Na wewe ulilala wapi?"

"Chini, bibi. Ngamani."

"Kuna nini huko siku hizi?"

Gati zima likasikiliza. Tembo alitaka kusema kuna magunia, kuna injini, kama alivyosema miaka yote. Kinywa kikakataa.

"Kuna watu, bibi," akasema.

Kiboko naye akaitikia polepole, "Na kwangu wamo." Hakuna aliyemwuliza tena Nguchiro meli ipi bora.

Kutoka pale, meli zote mbili zikatobolewa madirisha chini, na wepesi wakapandishwa juu, na hakuna aliyepeperushwa. Lakini hayo yalikuwa baadaye. Siku ile, kikongwe mmoja kipofu alisogea gatini akipapasa hewa, mpaka mikono yake ikaukuta uso wa dada yake, ikatulia hapo.

Mimi nimemaliza, na funzo lenyewe ni hili: ukitaka kuijua meli, muulize anayesafiri chini kabisa.