Shimo la Mhanga, Sifa za Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Shimo la nani?

La wote!

Na aliyelichimba?

Mbona mmenyamaza? Haya, ndiyo hadithi yenyewe.

Hapo zamani za kale, katika mbuga isiyo na pango wala jabali, aliishi Mhanga. Mnamjua Mhanga? Masikio marefu, pua ndefu, makucha kama majembe. Kazi yake kuchimba. Alichimba akitafuta mchwa, alichimba apate pa kulala, alichimba kwa kupenda tu kuchimba. Kwaruu, kwaruu, kwaruu! Udongo unaruka nyuma. Akimaliza shimo hili, anasogea mbele, anaanza jingine. Lile aliloliacha hakuliziba. Alisimama juu ya kifusi akaimba:

"Nimechimba, nimeacha,
aingiaye aingie,
akitoka ashindilie."

Kushindilia kwenyewe ni hivi. Umelala katika shimo la Mhanga. Asubuhi ukitoka, chukua udongo wa mlangoni, bandika palipomeguka, kanyaga. Basi. Hakutaka kingine; "Ni bure," alisema. Na aliyetaka kujua shimo huchimbwaje, alikaa kando akatazama. Mhanga hakumfukuza mtu.

Ngiri akaja na mkewe na vitoto vyao. Akachagua shimo kubwa kuliko yote. Siku za kwanza alishindilia. Tuseme kweli, alishindilia. Kisha siku moja alikuwa na haraka, akatoka hivi hivi. Hakuna aliyemwona. Kesho yake hakuwa na haraka, na hakushindilia vilevile.

Ukame ukaipiga mbuga ya jirani. Wageni wakaja. Akaja Bweha na wanawe. Akaja Mama Nungu, mwenye miiba mgongoni na mingine ulimini.

"Hodi, Bwana Ngiri. Tupe nafasi."

"Karibuni. Ila msije mikono mitupu."

Wakaleta viazi mwitu. Viazi vikajaa. Ngiri akanenepa, shingo ikapotea. Wageni wakaongezeka, chumba kikawa kidogo. Palikuwa na ukuta mnene katikati. Mhanga aliuacha makusudi, ubebe dari. Ngiri akauona unakula nafasi tu. Akaukwangua kwa pembe zake, kwangu, kwangu, ukawa mwembamba. Akaingiza wageni wengine.

"Bwana Ngiri," akauliza Bweha, "shimo zuri namna hii kachimba nani?"

Ngiri akatazama kushoto, akatazama kulia. "Nani tena? Si mimi hapa! Kwa pembe hizi."

Tangu siku hiyo wakamwita Bwana Mchimbaji. Mkewe aliposikia jina hilo aliinamisha kichwa.

Mawingu ya masika yalipoanza kukusanyika, Mhanga akaja anachechemea.

"Hodi hapa."

Ngiri akatoka mbio, akasimama mlangoni, akaujaza mlango kwa mwili wake ili wageni wasione nje.

"Bwana Ngiri, mvua inakuja. Mashimo ni mengi, na ukucha wangu umepasuka. Nimekuja kuomba tusaidiane kushindilia. Hata hili lako tu."

"We Mhanga, kuna mtu alikutuma uchimbe?"

"Hakuna."

"Ulisema bure, hukusema?"

"Nilisema."

"Basi bure ni bure. Nenda zako, wageni wangu wamepumzika."

"Haya," akasema Mhanga. "Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Nashukuru." Akaondoka, guu moja linagusa, moja linaburuta.

Ndani Mama Nungu akauliza, "Nani huyo, Bwana Mchimbaji?"

"Mpita njia tu," akasema Ngiri.

Masika yakaingia. Mvua ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha. Ndo, ndo, ndo!

"Bwana Mchimbaji, dari inavuja!"

"Sogeeni."

Ndo, ndo, ndo!

"Bwana Mchimbaji, tumesogea mpaka tumebebana! Tengeneza basi, si wewe uliyechimba?"

Angefanyaje? Akaingiza pembe kwenye dari. Kwangu, kwangu. Ule ukuta mwembamba ukalia kraa! "Tokeni!" akapiga kelele mkewe. Wakatoka wanakanyagana, wazima wote, matope mpaka machoni. Nyuma yao, pu! Shimo lote likaketi chini.

Na juu ya mwinuko alikuwa amekaa Fisi, anavitazama vitoto vya Ngiri, kimoja kimoja.

"Msihangaike," akasema. "Mimi nangoja jua lishuke tu. Sina haraka."

Mama Nungu akageuka. "Chimba jingine, Bwana Mchimbaji! Au pembe zimelala?"

Ngiri akapandwa na hasira. Hasira kwa nani? Kwa Mhanga! Akatimka, mkia juu, mkewe na vitoto nyuma, wageni nyuma yao, na Fisi akiwafuata kwa mbali. Njia nzima anapanga maneno: kazi mbovu, shimo bovu, mchimbaji mbovu.

Wakamkuta Mhanga amelala katika kijishimo kisichofika hata kiunoni. Nusu ndani, nusu mvuani. Mguu umevimba. Yeye aliyeichimbia mbuga nzima, hakuwa na paa.

"We Mhanga! Shimo lako limeanguka! Watoto wangu wako nje! Kazi gani hii? Inuka ukatengeneze, sasa hivi!"

Mhanga akainua kichwa. "Limeanguka? Nisamehe, ndugu yangu. Kila mwaka kabla ya masika huja kulishindilia, ninyi mkiwa malishoni. Mwaka huu mguu umenikatalia. Watoto wamelowa?"

Ngiri akafungua kinywa. Maneno yote aliyoyapanga njiani hayakutoka hata moja. Heri angetukanwa. Tusi lina jibu. Akageuza macho, akakutana na Bweha. Akayageuza tena, akakutana na mkewe, na mkewe akatazama chini.

"Kumbe," akasema Mama Nungu.

Kwetu, wanaoisimulia hadithi hii hawakubali tuseme Ngiri alilia. Hakulia. Alitamani shimo la kuingia ajifiche, na shimo alikuwa ameliangusha mwenyewe.

"Sikuchimba mimi," akasema, kwa sauti ndogo.

"Sema tena, mvua ina kelele," akasema Mama Nungu.

"Sikuchimba mimi! Alichimba Mhanga. Ukuta nimeukwangua mimi. Na yule mpita njia alikuwa ni yeye."

Mvua ikanyesha.

Mhanga ndiye aliyesema. "Maneno yatangoja. Fisi hatangoja. Mimi siwezi kuchimba, lakini mdomo wangu mzima. Chimbeni, nitawaelekeza."

Ngiri akaanza kwa kusimama. Pembe zikapita hewani, zikagusa ncha za majani tu, udongo hazikuufikia.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, bwana," akasema Mhanga. "Piga magoti."

Ngiri akapiga magoti, mbele ya wageni wake wote. Kwaruu, kwaruu! Bweha akaparura udongo, Mama Nungu akausukuma nje.

"Teremka kwanza," akasema Mhanga. "Sasa pandisha chumba, maji yabaki chini. Ukuta huo uache."

"Huu?"

"Huo huo."

Ngiri akauacha.

Jua likigusa nyasi, shimo likawa tayari. Wakamwingiza Mhanga kwanza, wakamlaza ndani kabisa, pakavu. Wakaingia watoto, wakaingia wageni. Ngiri akawa wa mwisho, akaingia kinyumenyume, uso nje. Wengine husema ni kwa ajili ya Fisi. Wengine husema hakuweza kutazamana na waliomo. Yote mawili tumeyapokea, hatuondoi hata moja.

Fisi akaja, akaona pembe mlangoni, akaenda zake.

Mhanga akapona. Mguu ulipokuwa ukipona, Ngiri ndiye aliyemtafutia vichuguu vya mchwa. Kila mgeni alipofika mlangoni, kabla hajauliza, Ngiri alimwambia, "Alichimba Mhanga. Viazi baadaye, kwanza udongo."

Kisha akaenda kwa wakubwa wengine walioneemeka ndani ya mashimo ya Mhanga. "Jamani, tukashindilie. Yule yuko peke yake." Wapo waliotoka. Wapo waliosimama mlangoni, wakaujaza mlango, wakamwambia, "Bure ni bure." Ngiri aliyajua maneno hayo yalikotoka. Aliinama, akashindilia mlango wao kwa pua yake, akaenda shimo la pili.

Magoti yale hayakuzoea tena kusimama. Mtazameni Ngiri malishoni hadi leo: anakula amepiga magoti.

Nanyi mlionisikiliza, wadogo kwa wakubwa, funzo lake ni hili: kitu cha bure kina jasho la mtu. Kikikufaa, mtaje aliyekifanya. Kikikunenepesha, rudisha, usingoje akuombe, wala usingoje kianguke.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni mwa shimo. Anayetoka, ashindilie.