Mpishi wa Harusi Hujulikana Msibani

"Kila msiba upo! Cheti utapewa na marehemu?"

"Siwema, nipishe mlangoni."

"Wenzako wako maktaba, wewe unakwenda kukoroga masufuria ya watu. Hulipwi, husifiwi, unarudi unanuka moshi chumba kizima!"

"Watu wamefiwa. Watakula nini? Nipishe."

Walikuwa wanagombana hivyo bwenini Hidaya na Siwema, wote wa mwaka wa mwisho kwenye chuo kimoja Morogoro. Na nyie mnaosema siku hizi kwamba mpishi wa harusi hujulikana msibani, basi jueni: methali hii ilianzia kwenye ugomvi ule.

Hidaya ndivyo alivyokuwa. Afiwe mlinzi, mwalimu au mwenye genge, yeye kanga kiunoni, mwiko mkononi, anapanga vijana: wewe maji, wewe kuni, nyie vyombo. Wanafunzi wakamzoea. Akiwaita, wanakuja.

Masomo yakaisha. Chuo kikatangaza kazi ya msimamizi wa shughuli za ukumbini, apewe mhitimu aliyejitolea kuliko wenzake. Hidaya aliitaka kazi ile kufa na kupona. Kwao Gairo walishamwambia wazi: ukikosa kazi, unarudi kulima.

Siku ya usaili wenzake walikuja na picha. Wamevaa fulana za klabu, wameshika mafagio, wanapanda miti, meno yote nje.

"Za kwako ziko wapi?" akauliza Dokta Mlaki, mwenyekiti.

"Sina."

"Ulijitolea wapi?"

"Misibani."

Wakacheka.

"Binti, msiba ni msiba tu. Halafu ushahidi huna."

"Dokta, msibani mtu anapiga picha na sufuria? Wenzangu wanalia, mimi nichekee kamera?"

Kicheko kikakatika. Hidaya hakurudi nyuma. "Nipeni jiko la mahafali. Nikiboronga, sitaomba tena."

Bi Mwanahamisi, mkuu wa jiko la chuo, alikuwa kwenye kiti cha mwisho akijikanda goti. "Mpeni," akasema. "Mimi mwaka huu goti limenigomea."

Siku ya mahafali ikafika. Kadi zilisema kila mhitimu aje na wageni wawili. Jamani, nani kwetu anakuja na wawili? Walikuja mashangazi, majirani, na watoto wa majirani. Hotuba hazijaisha, mahema yamejaa, watu wamesimama juani. Dokta Mlaki akaingia jikoni, joho limelowa jasho.

"Chakula hakitoshi! Leo tunaaibika!"

Hidaya hakushtuka. Msiba hauna kadi. Anayepika msiba anampikia hata asiyemjua, na hawashi moto mpaka aweke akiba. Tangu asubuhi sufuria la maji lilikuwa linachemka pembeni, na mchele mwingine umeoshwa unasubiri.

"Sahani wekeni pembeni, tunapakua kwa masinia, watu wale pamoja! Mchuzi ongezeni! Siwema, umesimama mlangoni unashangaa nini? Shika ndoo!"

"Na joho langu?"

"Livue!"

Vijana wa misibani walikuja mbio, kila mmoja anajua pa kukamata. Huko nje jina la Hidaya likasomwa, watu wakapiga makofi, kiti kitupu. Yeye alikuwa ameinama jikoni, ananusa kama wali umeiva.

Watu wakala, wakashiba, wakaomba na ukoko.

"Haya ulijifunza wapi?" Dokta Mlaki akauliza.

Bi Mwanahamisi akamjibu kabla Hidaya hajafungua mdomo. "Si alikuambia, mkamcheka? Mpishi wa harusi hujulikana msibani."

Neno likatoka jikoni, likafika bwenini, likaenda mjini. Hidaya akapewa kazi papo hapo. Na chuo tangu hapo kinamwandikia mwanafunzi kujitolea kwake kwenye cheti, na kikitaka ushahidi kinawauliza waliosaidiwa, hakiulizi picha.

Jioni ileile ya mahafali Hidaya alikwenda bwenini kuchukua mizigo yake. Habari ikaja: mlinzi wa getini kafiwa na mkewe. Hidaya akaacha begi, akafunga kanga. Siwema alikuwa amesimama palepale mlangoni.

"Kazi si umeshapata? Sasa unakwenda kutafuta nini?"

Hidaya akachukua mwiko wake.

Siwema akashusha pumzi. "Haya. Mpishi wa harusi hujulikana msibani," akasema, na safari hii akampisha.

Hidaya akapita, akaenda zake.