Adhana ya Siku ya Mawingu

Wametusimulia waliotutangulia, Allah awarehemu, ya kwamba katika mji mmoja wa Yemeni aliishi mwadhini aitwaye Safwani, mcha Mungu machoni pa watu. Tangu alipofiwa na mwanawe alikuwa akinywa pombe ya tende ili apate usingizi, hadi ikafika pahala mikono ikimtetemeka asipoionja. Hakuna aliyejua ila mkewe, Bi Rabaabi, aliyemsihi mpaka akachoka, akabaki kumwombea dua.

Ikaingia Ramadhani. Siku moja, baada ya sala ya Alasiri, Safwani alishindwa na nafsi yake. Alijifungia ghalani akanywa, naye amefunga, kisha usingizi ukamchukua. Alipogutuka, mbingu ilikuwa imetanda mawingu mazito na giza limeingia nyumbani. Akadhani jua limezama, na mlevi ana haraka ya ajabu. Akapanda mnarani akaadhini Magharibi.

Mji mzima ukafuturu. Watu hawajamaliza kutafuna tende, upepo ukayasukuma mawingu, na jua likaonekana bado liko juu ya mlima.

Walikusanyika msikitini kwa fadhaa. Imamu wao, Sheikh Wahbani, akawatuliza: "Ni mawingu, jamaa zangu. Tutailipa siku hii, wala Maalim Safwani hana lawama."

Safwani alishusha pumzi. Alichotakiwa ni kunyamaza tu. Lakini pembeni alimwona Bi Unaisa, ajuza mgonjwa aliyejikaza kufunga siku ile, akifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Moyo ukamchoma.

"Si mawingu," akasema. "Ni pombe. Nimekunywa leo mchana."

Wengine walimlaani, na mmoja akainua bakora. Sheikh akamzuia, kisha akauliza kwa upole: "Mola alikusitiri, Maalim. Kwa nini hukutubu kimya kimya?"

"Nimetubu kimya kimya mara nyingi, Sheikh, na sijaacha."

Sheikh Wahbani akamvua uadhini siku ile ile, kisha akamshika mkono akafuatana naye mpaka kwake, na waumini wachache nyuma yao. Mitungi yote ya pombe ikamwagwa. Wakapangana zamu za kukaa naye, kwani walijua maradhi yale hayaondoki kwa kuapa tu. Alitetemeka, akatapika, akaweweseka. Bi Unaisa mwenyewe alikuwa akimletea uji wakati wa futari.

Safwani alikuwa akiogopa zaidi uso wa mkewe, kwa kuwa alikuwa amemfedhehesha mbele ya mji. Jioni ile, mitungi ilipokwisha kumwagwa, alimwomba radhi.

Bi Rabaabi akaketi chini, akalia, kisha akacheka. "Miaka yote hii nimekaa macho nikiilinda siri yako," akasema. "Leo nitalala, mume wangu."

Naye akalala palepale, ameegemea ukuta, wageni wakiwa bado wako uani.

Ndugu zangu, sitara ni neema. Lakini aliyezama akitubu peke yake na kurudia kosa, na amwite mja mwema mmoja amshike mkono. Allah awaafu wote waliopatwa na mtihani huu, na wale wanaokesha kwa ajili yao.