Hukumu ya Mia na Kumi na Mbili

Hapo zamani, si zile za wafalme na majini, bali za makarani na kalamu za kuchovya, aliishi katika mji wa Mtondoo mjane mmoja, Bi Zamoyoni binti Feruzi. Alilima shamba aliloachiwa na baba yake, na baba yake alizikwa humo humo.

Siku moja akaja Bwana Hafidhi, mtu wa ukoo mkubwa. Akasema, "Bi Zamoyoni, hama. Baba yako alikuwa mtumwa wa babu yangu. Alikaa hapa kwa hisani tu."

"Baba yangu alipewa uhuru wake na shamba hili mbele ya kadhi. Hukumu iliandikwa."

"Iko wapi?"

Shauri likafika mahakamani. Hakimu akampa Bi Zamoyoni siku saba ailete hukumu hiyo. Akaenda masjala, akaambiwa, "Mama, madaftari ya zamani yalichomwa moto kupisha meza mpya. Kamuulize Mzee Mbaruku. Ndiye aliyekuwa karani, ndiye aliyeyachoma."

Akaenda kwake. Mzee Mbaruku akamsikiliza, kisha akainamisha kichwa.

"Niliamriwa nichome madaftari thelathini. Nikachoma ishirini na tisa. La thelathini lilikuwa la watumwa walioachwa huru, mkono ukakataa. Mkubwa wangu akagundua, akanitaka nilitoe. Nikakana, akanifukuza kazi. Nilihofia kupekuliwa, nikalificha kwa dada yangu, Kidawa."

Wakaenda kwa Bi Kidawa. Akatoa daftari kashani, kurasa zimejikunja kama majani makavu.

"Mwaka wa mafuriko maji yalinifika kifuani," akasema. "Mkono mmoja nimeshika nguzo, mkono mmoja ndio wa kubebea. Lilikuwepo kasha la kaka, na ilikuwepo picha ya mwanangu Mshamu, marehemu. Sina nyingine. Nikabeba kasha. Nikaanika ukurasa mmoja mmoja kivulini, wiki tatu. Kusoma sijui. Nilijua ni amana."

Mzee Mbaruku akafunua. Hukumu ya mia na kumi, ya mia na kumi na moja, ya mia na kumi na tatu. Katikati palibaki ukingo mwembamba, karatasi imekatwa kwa wembe.

Bi Zamoyoni hakulia. Alilifunga daftari, akalipakata hadi kwake.

Siku ya saba ikafika. Bwana Hafidhi alipoona pengo lile akacheka. Ndipo akasimama mwanamke aliyeketi upande wake, Bi Shekue, shangazi yake, dada wa baba yake mzazi. Akafungua jalada la msahafu wake, akatoa karatasi.

"Baba yangu, babu yake Hafidhi, ndiye aliyeikata," akasema. "Alipokuwa akikata roho alinipa niichome. Sikuichoma. Miaka thelathini ninayo."

Hakimu akaiweka karatasi penye ukingo. Vikaoana, hata herufi iliyokatwa na wembe ikaungana. Akasema, "Karatasi bila daftari ningeitilia shaka. Daftari bila karatasi ni pengo. Vyote viwili ni ushahidi. Shamba ni la binti Feruzi."

Bwana Hafidhi akamgeukia Bi Shekue. "Shangazi, kuanzia leo huna kwetu. Hata ukifa, hutazikwa na sisi."

Wiki iliyofuata Bi Zamoyoni akawaita wote watatu shambani. Akawaonyesha kaburi la baba yake, na kando yake nafasi moja.

"Hapa nilipaweka pawe kaburi langu," akasema. "Sasa nampa aliyeniokoa. Kila mwaka wanangu watamsomea dua pamoja na baba, kama mzee wao. Nafasi ni moja. Semeni."

Mzee Mbaruku akasema, "Bila mimi, daftari lingekuwa majivu. Nilipoteza kazi yangu."

Bi Kidawa akasema, "Bila mimi, lingekuwa tope. Uso wa mwanangu sasa nauona ndotoni tu, na ndoto nazo zinafifia."

Bi Shekue akasema, "Bila mimi, mngekuwa na pengo. Nami sina tena pa kuzikwa."

Bi Zamoyoni akamtazama Mzee Mbaruku, akakumbuka kwamba mkono ule ule ulichoma madaftari ishirini na tisa, na kila moja lilikuwa na haki za baba za watu wengine. Akamtazama Bi Kidawa, ambaye hakujua anaokoa nini. Alitunza neno la kaka yake. Akamtazama Bi Shekue, ambaye miaka thelathini alikutana naye kisimani, akamwamkia, asimwambie habari za karatasi.

Akaketi chini penye nafasi ile, kiganja juu ya udongo, na watatu wale wamesimama wakingoja.

Nanyi mlioketi mkinisikiliza, lau kiganja kile kingekuwa chenu, je, mngesema nani alistahili?