Gauni la Bluu Kwenye Harusi ya Kijani

Mwanamvua alikuwa na magauni matatu, na hakutaka la nne la kuvaa siku moja tu. Lakini Bi Shadya, mwenye duka la vitenge na mwenyekiti wa kamati ya harusi, alitangaza kwamba asiyeshona sare ya kijani haingii ukumbini.

"Hata wewe utavaa?" Mwanamvua aliuliza kwa upole.

"Sote. Atakayevaa tofauti ni mama wa bibi harusi peke yake. Wa mlangoni nimeshawaagiza."

Siku ya harusi, mama huyo akiwa bado saluni, Mwanamvua aliingia na gauni lake la zamani la bluu. Akakalishwa meza ya mbele, akaletewa pilau.

Bi Shadya alikuja mbio. "Mtoeni huyu."

"Mama, wa sare wanakaa nyuma," mpokea wageni alimjibu. "Mwache mama wa bibi harusi ale."